Mlo Kamili kwa Pesa Kidogo: Mwongozo kwa Familia za Isiolo

Pesa ya chakula Isiolo huisha kimyakimya. Asubuhi ni sukari na majani ya chai, mchana unga, jioni unga tena, na kabla ya mwezi kufika katikati jina lako limeshajaa kwenye daftari la deni la mwenye duka. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba kula vizuri ni kwa wenye mshahara. Mimi naona tofauti. Katika nyumba nyingi pesa ya kula vizuri tayari imo ndani ya matumizi ya kila siku, ila imekwenda kwenye vitu ambavyo havijengi mwili. Hapa tutaitafuta pesa hiyo ilipo, kisha tuone pa kuipeleka.

Hali hii ina chanzo chake. Familia nyingi za kaunti hii, Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu, ziliishi kwa maziwa na nyama ya mifugo yao wenyewe. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi sana ikafa kaskazini mwa Kenya. Nyumba iliyokuwa ikikamua sasa inanunua maziwa kwa kikombe. Maziwa yalipopungua kwenye chai, sukari ikaongezeka. Tumbo hujaa, lakini mtoto hakui inavyopasa na mama hubaki na kizunguzungu kila akisimama.

Mlo kamili ni nini, basi? Usiogope jina. Ni sahani yenye vitu vitatu. Cha kwanza ni chakula cha kutia nguvu: ugali, wali, chapati, anjera, viazi. Cha pili ni chakula cha kujenga mwili, yaani protini: ndengu, maharagwe, mayai, maziwa, omena, nyama. Cha tatu ni chakula cha kulinda mwili dhidi ya maradhi, chenye vitamini na madini: mboga za majani na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na hiyo ni kama viganja vitano vilivyojaa. Nyumba nyingi hazipungukiwi na kitu cha kwanza. Vinavyokosekana ni cha pili na cha tatu.

Sasa tuitafute pesa. Kwa wiki moja andika kila unachonunua cha kula na bei yake, hata kile cha shilingi 10. Kama huandiki, mpe mtoto anayesoma akuandikie. Mwisho wa wiki jumlisha sukari peke yake. Chukua nyumba ya watu sita, kila mmoja akinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, na kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 54 kwa siku. Kijiko kimoja cha chai kisichojazwa mlima hubeba karibu gramu 4, kwa hiyo nyumba hiyo inatumia zaidi ya gramu 200 kila siku, yaani takriban kilo sita na nusu kwa mwezi. Tukikadiria kilo kwa shilingi 150, ni zaidi ya shilingi 950. Ukipunguza kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na nusu, utabaki na zaidi ya shilingi 470 kila mwezi. Kwa kadirio la kilo ya ndengu kuwa shilingi 150 pia, hizo ni kilo tatu za ndengu ambazo hukuwa nazo.

Usipunguze kwa siku moja, watu wa nyumbani watagoma. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Tia tangawizi, iliki au mdalasini ili chai ibaki na ladha. Faida haiko kwenye mfuko tu: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba afya hunufaika zaidi sukari ya kuongeza ikishuka hadi karibu gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, kama vijiko sita. Meno ya watoto yatakushukuru pia.

Pesa nyingine hupotelea kwenye ununuzi wa kadogo, yaani kununua kwa vipimo vidogo vya siku hiyo hiyo. Anayepata pesa kwa siku hana lawama kununua hivyo, lakini ni vizuri ajue gharama yake. Kama kilo ya mchele ni shilingi 160 na robo inauzwa 45, robo nne zitakugharimu 180. Shilingi 20 zimepotea katika kilo moja, na ukijumlisha mafuta ya kupima, sukari, majani ya chai na sabuni, kwa mwezi unapoteza pesa za mboga za wiki nzima. Dawa yake ni chama. Akina mama watano au sita wa mtaa mmoja, uwe Bulla Pesa, Kulamawe au Kambi ya Juu, wakichanga kila wiki wanaweza kununua gunia la mahindi la kilo 90 na debe la ndengu kwa bei ya jumla, kisha wagawane kwa mizani. Mkianza, kubalianeni mapema ni nani ashike pesa na nani aandike, tena wawe watu wawili tofauti.

Mkinunua kwa gorogoro, lile kopo linalobeba takriban kilo mbili, ligeuzeni mtazame kitako chake. Gorogoro lililobonyezwa ndani hupunguza kipimo na huwezi kujua ukilitazama kwa juu. Ukiwa na shaka, omba upimiwe kwa mizani. Hiyo ni haki yako, wala si kumkosea heshima muuzaji.

Je, ni wakati gani wa kununua? Nafaka na kunde zina misimu. Ndengu nyingi za soko letu hutoka sehemu kavu za Tharaka na Kitui, na mavuno ya mvua za vuli huingia sokoni mwanzoni mwa mwaka, kuanzia Januari. Hapo bei hushuka. Wenye uwezo wa kuweka akiba wanunue wakati huo, si miezi ya kungojea mvua wakati kila mtu anatafuta. Mahindi nayo yanunuliwe yakiwa makavu kabisa: punje iliyokauka hulia ikivunjwa kwa meno, ile yenye unyevu hubonyea. Usinunue mahindi yenye ukungu, hata yakiwa ya bei ya kutupa. Ukungu huo huzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini, na moto wa kupikia hauiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani na jirani zake. Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na lisikae karibu na mtungi wa maji.

Unga wa posho mill au wa paketi? Wote unafaa, kila mmoja kwa sababu yake. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa paketi kuuongezea vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki, kwa hiyo kabla ya kununua tazama nembo ya kuongezewa virutubishi kwenye paketi. Posho mill kwa kawaida ni nafuu. Usage mahindi bila kukoboa, kwa sababu kiini na ganda ndivyo vyenye mafuta, vitamini na nyuzinyuzi za kusaidia choo. Ukikoboa unalipa zaidi ili uondolewe kilicho bora. Mahindi yasiyokobolewa changanya na mtama au wimbi, robo tatu za mahindi kwa robo ya mtama au wimbi, na ugali wako utakuwa na madini zaidi. Unga huo hauvumilii kukaa muda mrefu, basi saga wa wiki mbili tu.

Tuje kwenye protini, maana hapo ndipo watu hukata tamaa wakidhani ni nyama au basi. Nakupa njia ya kulinganisha. Shika shilingi 100 na ujiulize zitakununulia gramu ngapi za protini. Nimetumia bei za kufanyia hesabu tu. Ziondoe uweke za duka lako. Ndengu za shilingi 150 kwa kilo zitakupa karibu gramu 160 za protini kwa shilingi 100. Maharagwe ya bei hiyo hiyo, karibu 145. Omena mkavu wa shilingi 500 kwa kilo, zaidi ya gramu 100. Mayai ya shilingi 15 kwa moja, karibu 36. Maziwa ya shilingi 120 kwa lita, kama 27. Nyama ya mbuzi ya shilingi 700, ukiondoa mfupa, haizidi 25. Hata bei zikipanda zote, mpangilio huo haubadiliki sana: kunde huongoza.

Kunde ziliwe pamoja na nafaka. Sehemu ya protini inayopungua kwenye mahindi imo kwenye maharagwe, na inayopungua kwenye maharagwe imo kwenye mahindi, ndiyo maana githeri ni chakula cha maana kuliko watu wanavyokipa heshima. Lakini ipo vitamini ya B12, ya kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, ambayo haipatikani kwenye mimea. Kwa hiyo usiache kabisa vyakula vya wanyama. Kikombe cha maziwa, yai moja, au kiganja cha omena kila siku husaidia kuipata. Wapo wasiopenda omena kwa harufu yake. Uoshe kwa maji ya moto, ukaange mpaka ukauke, kisha utie nyanya, kitunguu na ndimu. Wengi waliokuwa wakiukataa huomba tena.

Ukipata pesa ya nyama, tazama pembeni ya bucha kabla ya kuagiza mguu. Ini lina chuma kwa wingi kuliko nyama ya kawaida, na robo kilo yake inatosha familia ikikatwa vipande vidogo ndani ya mchuzi wa mboga. Matumbo na miguu ni nafuu, na vichwa vya mbuzi hutoa supu nzuri. Mjamzito tu ndiye asile ini mara kwa mara, kwa sababu vitamini A iliyomo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama huna friji, tumia ujuzi wa nyanya zetu: nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa mpaka maji yote yaishe, na hufunikwa kwa mafuta yake ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Hukaa wiki kadhaa, na vijiko viwili vya nyirinyiri juu ya ndengu hubadilisha sufuria nzima. Tumia kijiko kikavu kila unapochota.

Maziwa ni baraka ya mji huu. Isiolo ni kituo kikubwa cha maziwa ya ngamia. Akina mama, kama wale wa ushirika wa Anolei, huyakusanya kutoka kwa wafugaji na kuyasafirisha hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa ya ngamia yana vitamini C zaidi kuliko ya ng'ombe, jambo la maana mahali ambapo matunda ni ghali wakati wa ukame. Mvua zikinyesha bei hushuka, basi huo ndio wakati wa kuongeza kikombe kwa watoto. Ila tafadhali yachemshe, hata kama ulilelewa ukiyanywa mabichi. Maziwa mabichi huweza kuleta bruselosi, homa inayokuja na kuondoka, yenye maumivu ya viungo na jasho la usiku, na matibabu yake huchukua wiki nyingi na pesa nyingi. Ukitaka yale yaliyoganda, chemsha kwanza, yapoe, kisha uyagandishe kwa kuongeza kidogo ya yaliyoganda tayari.

Mboga hushuka kila siku kutoka Timau na sehemu za juu za Meru, na hiyo ni bahati ambayo Garba Tulla na Merti hawana. Asubuhi sokoni utapata zilizo freshi. Jioni mama mboga hupunguza bei kwa sababu joto letu halimruhusu kulaza majani. Nunua jioni kama utapika usiku huo huo. Sukuma wiki ni nzuri, lakini usiile peke yake mwaka mzima. Mchicha, managu, majani ya kunde na majani ya maboga yana chuma na vitamini A, na mara nyingi fungu lake halizidi bei ya sukuma. Osha kabla ya kukata, pika dakika chache, na maji ya mboga yabaki mchuzi badala ya kumwagwa. Matunda fuata msimu: maembe miezi ya mwanzo wa mwaka, papai, ndizi na avokado wakati mwingine. Juisi za unga na soda hazihesabiki kama matunda.

Ukiwa na ua, hata mdogo, gunia moja la udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, lililotobolewa pande zote, litabeba michicha na sukuma ya kutosha kuchuma mara kadhaa kwa wiki. Maji yaliyooshea mboga na mchele yanatosha kulinywesha, mradi hayana sabuni wala chumvi. Lifunike kivuli saa za jua kali, na uzungushie miiba, maana mbuzi wa jirani hawangoji kualikwa.

Kuhusu chai, wakati wa kuinywa una uzito wake. Majani ya chai yana kitu kinachozuia mwili kufyonza chuma kutoka kwenye ndengu, maharagwe na mboga. Ukinywa pamoja na chakula, sehemu kubwa ya chuma ulicholipia hupita bure. Ngoja saa moja baada ya kula. Na ndimu, nyanya mbichi au chungwa pamoja na chakula hufanya kinyume: husaidia chuma kuingia. Kwa wajawazito na wasichana waliovunja ungo jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu upungufu wa damu huwakumba wao zaidi.

Usisahau makaa. Maharagwe yaliyolazwa kwenye maji usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Mwaga maji ya kulazia, weka mapya, na yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kwani maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya. Ndengu huiva upesi zaidi, hivyo siku ambayo makaa ni haba, pika ndengu. Chemsha maharagwe ya siku mbili kwa moto mmoja, na ya kesho uyachemshe tena kabla ya kuyala.

Huu hapa mfano wa siku moja kwa baba, mama na watoto wanne, kwa bei zile zile za kukadiria. Asubuhi, uji wa mahindi na mtama wenye nusu lita ya maziwa na sukari kidogo: shilingi 100. Mchana, githeri ya gramu 600 za mahindi na 300 za maharagwe, pamoja na kabichi, kitunguu, nyanya na mafuta: 135. Jioni, ugali wa kilo moja ya unga, gramu 300 za ndengu, mafungu mawili ya mboga, nyanya na mafuta: 195. Papai moja la kugawana: 50. Jumla ni shilingi 480, yaani 80 kwa kila mtu, mbali na makaa. Siku ambazo pesa ni pungufu, ondoa papai na upunguze sukari kwanza. Ndengu na mboga ziwe za mwisho kuguswa.

Mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila maji, bila chai, bila maziwa ya ngamia. Baada ya hapo aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi huku akipewa uji mzito, ndengu zilizopondwa, yai na mboga laini. Uji mwepesi unaomiminika kama maji humjaza tumbo tu. Chakula cha nyongeza kipewe mama anayenyonyesha pia; katika nyumba nyingi yeye ndiye anayekula mwisho, na hilo libadilike.

Kama hata hiyo 480 haipatikani, kuna pa kuuliza. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, walezi wa mayatima na wenye ulemavu mkubwa walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Isiolo pia imo kwenye mpango wa kusaidia kaya za maeneo kame unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Anza kwa chifu wako au msaidizi wake ukiwa na kitambulisho, uulize kuhusu uandikishaji.

Na kama una mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako ampime mkono kwa ule utepe wa rangi, au umpeleke zahanati iliyo karibu. Chini ya sentimita 12.5 ni onyo na anahitaji kufuatiliwa. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na apelekwe siku hiyo hiyo, kwa sababu chakula cha tiba hutolewa huko na nyumbani hakipatikani. Usingoje mwisho wa mwezi.